Mama Kayai Ana Jina

Kwetu Nakuru, Vitimbi ya KBC ilikuwa "ya Ojwang", basi. Juzi nimerudia vipande vya zamani nikaona tulikosea. Benson Wanjau alirusha maneno, sawa, lakini aliyeamua tucheke lini ni Mama Kayai. Anamtazama mume juu hadi chini, ananyamaza kidogo, ndipo anamjibu. Ondoa huo ukimya, Ojwang anabaki mzee wa kupiga kelele tu.

Wanjau alipofariki 2015, mtaani mama huyu aliitwa "bibi ya Ojwang". Hiyo ni nafasi aliyoigiza, si kipaji chake. Nilimuuliza mamangu jina lake halisi, hakulijua. Hata mimi nimelijua juzi: Mary Khavere. Na miaka yote hiyo alikuwa sebuleni kwetu.