Woga Unatazama Wapi? Vitabu Tulivyosoma Kingamyambo

Wenzetu katika kijitabu hiki wanaandika juu ya mahari, matanga na majina ya ukoo. Sisi tumeombwa kusema juu ya vitabu, na labda mtu atauliza: kitabu cha kutisha kinaingia namna gani katika mambo ya mila? Kinaingia. Mbele ya kujua kusoma, sisi wote tulikwisha kutishwa. Nkambo alituweka karibu na mbabula, makala yakiwaka, akasema kwa sauti ya chini, na nyuma ya pale hakuna mtoto aliyekubali kwenda inje peke yake. Ile ilikuwa masomo yetu ya kwanza ya fasihi.

Hapa Kingamyambo hakuna duka la vitabu. Iko yale mabaki ya madini yaliyomwagwa kutoka mashini za Kolwezi tangu wakati wa Wabelgiji, na ambayo siku hizi yanaoshwa tena kwa kutafuta shaba na kobalti iliyobaki. Vitabu navyo vinatufikia vikiwa vimepita kwanza mikono mingi, vingine ni fotokopi ya fotokopi. Wakati wa likizo kubwa tulikaa walimu wanne, tukavisoma kwa zamu: viwili vya mambo ya ajabu na ya kutisha, kimoja cha mji usiokuwa katika ramani, na viwili ambavyo wenyewe wanasema ni vya kweli. Maoni yafuatayo ni yetu, na wasomaji wako huru kuyakataa.

Tuanze na Bandoki ya Zamenga Batukezanga, ya mwaka 1973, sababu ndiyo iliyotutia katika shida. Zamenga, aliyekufa mwaka 2000, alikuwa mwandishi aliyesomwa sana katika inchi yetu. Ukimpa mtoto wa kelasi ya tatu kitabu cha Mudimbe, anakirudisha kesho. Ukimpa Zamenga, anakirudisha kesho vilevile, lakini amekimaliza. Anaandika Kifaransa chepesi, cha mtu anayesimulia akiwa amekaa juu ya kiti kifupi. Mambo ya bandoki, ni kusema wachawi, anayaleta kutoka kwao Kongo ya Chini, hata hivyo mtu wa Kolwezi anayatambua mara moja.

Tulisoma sehemu yake kwa sauti katika kelasi. Tulifikiri tunafanya kazi nzuri: fasihi ya kwetu, mwandishi wa kwetu, mila ya kwetu. Kijana mmoja akainua mkono: «Mwalimu, ile ya bandoki iko kweli ao iko bongo?» Mbele tujibu, tuliona macho ya kelasi yakigeuka, moja nyuma ya lingine, kuelekea benchi ya nyuma. Pale alikaa msichana yatima, anayelelewa na mjomba wake. Mtoto mdogo wa ile nyumba alikuwa mgonjwa tangu mwezi mzima, na mtaa ulikwisha kumtaja mwenye kosa. Sisi hatukujua. Siku ya pili msichana hakuja, wala siku ya tatu. Alikosa majuma matatu.

Hatusemi kwamba Zamenga alimfukuza. Yeye aliandika kitabu, na mtaa ulikuwa na hadithi yake tayari. Lakini tangu siku ile tunasoma vitabu vya kutisha kwa namna nyingine. Hatuulizi tena kwanza kama ni kweli ao bongo. Tunauliza: woga wa hiki kitabu unatazama wapi? Unatazama juu, kwa mwenye nguvu, ao unatazama chini, kwa bibi mzee, kwa mke asiyezaa, kwa yatima wa benchi ya nyuma?

Hadithi ya nkambo ilitazama juu. Wazee wengi wa Katanga wanaijua: ni hadithi ya batumbula. «Batumbula banapitaka bushiku,» alisema, «na motokari yabo haina taa. Banakukamata, banakufungia mu nyumba, banakulisha bizuri, bizuri, mpaka unakuwa ngulube. Na Mzungu anakula.» Sisi watoto tulitazama mikono yetu kama inaanza kuota manyoya.

Hii hadithi tuliikuta tena, kwa mshangao mkubwa, katika kitabu cha profesa Mmarekani, Luise White, Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000. Ni kitabu cha historia, si romani. Tulikisoma polepole, mwenzetu anayefundisha Kiingereza akitafsiri na sisi tukibishana. White alikusanya habari hizi katika Afrika ya Mashariki na ya Kati: Nairobi na Kampala watu walisema wazimamoto, wenye kazi ya kuzima moto, ndio wanaonyonya damu, Zambia walisema banyama, kwetu batumbula. Pwani ya Waswahili wanajua mumiani. Mbele yake, mwaka 1975, Rik Ceyssens alikwisha kuandika juu ya mutumbula akiiita hadithi ya wenye kuonewa.

Kitu kilichotupendeza kwa White ni kwamba hacheki. Wabelgiji waliandika kwamba Weusi ni wajinga, wanaamini upuuzi. Yeye anauliza swali lingine: mtu aliyesimulia hivi alikuwa anasema nini juu ya maisha yake? Na hapo hata sisi tulianza kuhesabu. Union Minière, kampuni iliyozaliwa mwaka 1906, ilimpa mfanyakazi nyumba, posho, daktari na masomo ya watoto. Ilimlisha. Usiku Mweusi hakuwa na ruhusa ya kutembea ovyo katika mtaa wa Wazungu. Kumbe nkambo alikuwa anasema kitu cha wazi kabisa: kuna mtu anakulisha vizuri, na hakulishi kwa kukupenda. Hakuna mwalimu wa ekonomi aliyepata kutufundisha jambo lile kwa maneno machache hivi.

Tuna lawama moja kwa profesa. Kitabu chake ni kizito sana, na mara nyingine anabishana na maprofesa wenzake kurasa nyingi huku nkambo anangoja mlangoni. Pia ni jambo la kusikitisha kwamba hadithi ya mbabula yetu lazima tuinunue kwa dola na kuisoma katika lugha ya watu wengine. Si kwamba watu wa huku hawakuandika. Mwaka 1965, Elisabethville, chama cha waliokuwa maboi wa Wazungu kilitoa historia ya mji wao, iliyotungwa na André Yav kwa Kiswahili chetu hikihiki, bila kuona haya. Ndiyo maana na sisi hapa tunaandika «ao» na «inje», na mwenye kutaka kusahihisha asahihishe.

Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, ni kitabu cha ajabu tupu: majini, safari za bahari, watu wanaogeuzwa. Kiswahili chake si cha kwetu. Wanafunzi walilalamika kwamba ni kigumu kupita Kifaransa, na wana haki nusu. Lakini kuna usiku mmoja ndani yake ambao hatutausahau. Mjumbe wa mfalme, mgeni katika nyumba ya liwali Adili, anamwona mwenyeji wake, mtu mpole na mwenye haki, akitoa manyani wawili, akiwapiga kwa mjeledi, kisha akiwalisha na kulia machozi. Wale manyani ni ndugu zake. Walimtupa baharini kwa wivu, jini likawageuza, na likamwamuru awapige kila usiku. Tazameni vile mwandishi alivyoweka woga wake. Hatuogopi manyani. Tunaogopa mkono wa mtu mwema uliolazimishwa kupiga. Kelasi ilicheka mwanzoni kwa sababu ya manyani, nyuma ikanyamaza. Mwandishi anapenda kushauri sana, kila ukurasa una wosia wake, na majina kama Hasidi na Mwivu yanakuonyesha mbaya mbele hajafanya kitu. Tungependa atuachie kazi kidogo. Hata hivyo, kwa mtoto anayeishi katika nyumba yenye mjeledi, tungempa hiki mbele ya vyote.

Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi, ya mwaka 2014, tutaipita haraka. Mji usio na jina, stesheni ya gari la moshi isiyomalizika, baa, wachimbaji, wanafunzi, watu wa kutoka kila inchi wakitafuta mawe. Inasomwa kama muziki, na mtu wa Kolwezi anacheka peke yake kila ukurasa. Ilipata zawadi kubwa ya Etisalat ya mwaka 2015, na tulijivuna. Lakini wanawake wa mle ndani wanapita kama sauti za kuuza mwili, bila mama, bila kesho. Wasichana wetu wangeuliza wako wapi, na tusingekuwa na jibu.

Sasa Cobalt Red, ya Siddharth Kara, ya mwaka 2023, kitabu kilichotugawa. Kinatuhusu sisi wenyewe: Kasulo, ambako watu walichimba mashimo ndani ya viwanja vyao nyuma ya kobalti kuonekana chini ya nyumba mwaka 2014, Kamilombe, njia za udongo mwekundu tunazopita kila siku. Marekani kilisomwa sana, na mwaka 2024 kilifika karibu na zawadi ya Pulitzer. Woga wake unatazama juu, hilo tunamshukuru. Anafuata jiwe kutoka mkono wa mtoto, kupita kwa mnunuzi, kupita kampuni, mpaka ndani ya telefone ya mtu wa mbali, na hamwogopi mkubwa yeyote njiani. Mwenzetu mmoja, aliyepoteza mdogo wake katika shimo, alisema: «Acheni kutafuta makosa. Huyu njo alikuya, aliona, aliandika.» Tulinyamaza, na maneno yale tunayaweka hapa sababu ni haki yake.

Hata hivyo tunalo neno. Katika kitabu cha Kara, sisi tunalia. Tunalia vizuri, kwa heshima, ukurasa nyuma ya ukurasa, na mara nyingi ndiyo kazi yetu tu. Mchimbaji anayejua kusoma mshipa wa madini kwa rangi ya udongo, anayebishana bei, anayemkejeli mnunuzi mwenye mizani ya uongo, mama anayeuza bukari mlangoni mwa carrière na kulipa masomo ya watoto wanne, hawa hatukuwaona vya kutosha. Kitabu kilipotoka, watafiti kadhaa wanaoijua Katanga walikilaumu hivyohivyo. Ni jambo la kushangaza: kitabu cha kweli kimeandikwa kama cha kutisha, na watu wake wamebaki kama vivuli. Nkambo hakuona batumbula hata siku moja, lakini katika hadithi yake mtu aliyekamatwa alikuwa na jina, na mara nyingine alitoroka.

Na tusijidanganye, mambo ya Kara si ya mbali. Serikali ilitangaza masomo ya msingi bure mwaka 2019. Sekondari mzazi bado analipa. Kila Oktoba tunahesabu benchi, na tunajua wale wasiokuwepo wako upande gani.

Msichana wa benchi ya nyuma alirudi. Tulikwenda kwa mjomba wake, walimu wawili, tukibeba fotokopi ya sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ambayo katika kifungu cha 160 inakataza kumsingizia mtoto uchawi na inamwadhibu mwenye kufanya hivyo. Mjomba alitupokea vizuri, akatupa viti, akasoma karatasi mpaka mwisho. Kisha akasema: «Mwalimu, weye unasomaka sana, lakini haujue bya mu nyumba yangu.» Ni kweli, hatukujua. Tulimwachia karatasi. Nyuma ya juma moja msichana aliingia kelasini, akakaa karibu na mlango, na mpaka leo anakaa pale.

Bandoki hatukuitoa katika orodha. Tunaisoma mwisho wa mwaka, nyuma ya Adili na nyuma ya hadithi ya batumbula ambayo wanafunzi wenyewe wanaitafuta kwa wazee wao. Safari hii tuliwaomba waandike hadithi ya kutisha ya kwao, ukurasa mmoja, kwa sharti moja: atakayetisha asiwe mtu asiyeweza kujitetea. Wengi waliandika nyoka. Yule msichana aliandika lori linaloondoka Kolwezi usiku kwenda Kasumbalesa. Kwenye kila mzani uzito wake unaongezeka, na dereva anaogopa kushuka kutazama nyuma. Tulimpa 14 juu ya 20. Angepata 16, lakini hatumii vituo.