Kabuti la Soja

“Kijana, umeandikwa kazi ya usoja huko?”

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya baba nilipompigia simu ya video nikiwa kwenye kituo cha basi mjini Leeds, mwezi wa Januari, nimevaa kabuti la jeshi la Uingereza nililolinunua kwa pauni 90. Alicheka. Nami nilicheka, ila nilichelewa kidogo. Baba alilinda lango la ghala moja kule Limuru kwa miaka 17, na kila usiku wa miaka hiyo alivaa kabuti lililofanana na langu: ukosi mpana, vifungo safu mbili, pindo chini ya magoti. Nilipokuwa mtoto sikutaka wenzangu wa shule wamwone akirudi nalo asubuhi. Siku hizi watu nisiowajua hunisimamisha njiani kulisifia.

Kwa hiyo nataka kulisoma kabuti hili kama tunavyosoma kitabu: nani alilitunga, kwa ajili ya nani, na sisi tunaolivaa leo tunalisoma vipi. Naona tunalisoma vibaya, na mimi nimo.

Nianze na haki yake. Kama kazi ya fundi, ni kazi nzuri. Sufu yake ni nene kiasi kwamba upepo hugonga na kurudi. Mgongoni kuna mkanda mfupi unaokusanya kitambaa kiunoni, na ukiinua ukosi masikio yote yanazama ndani. Kwenye lebo kuna namba ya kipimo, mwaka 1943 na alama ya mshale, ambayo kwa karne kadhaa Waingereza wameitumia kuonyesha mali ya serikali. Ukilitoa kwenye msumari unahisi umembeba mtoto aliyelala.

Wanaolisifia husifia mambo mawili. La kwanza ni kwamba halichakai. Ni kweli, lakini tuulize: lilitengenezwa lisichakae kwa faida ya nani? Mwenye kulilipia alikuwa jeshi, na jeshi lilitaka vazi litakalodumu kuliko mvaaji. Na mvaaji mwenyewe alikusudiwa asimame. Ukitembea haraka nalo unatoka jasho. Ukipanda nalo basi unachukua viti viwili. Mvua ikinyesha linakunywa maji mpaka mabega yanauma. Katika mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, matope yalilifanya zito hata askari wengine wakachukua visu wakakata pindo. Maofisa walijinunulia mavazi yao, na wengi walikimbilia koti jepesi lisilopitisha maji, lile lililouzwa na Burberry na Aquascutum ambalo mpaka leo kwa Kiingereza linaitwa koti la handaki. Askari wa kawaida alivaa alichopewa. Wale waliokata pindo ndio wahakiki wa kwanza wa kabuti, na walijua wanachokisema kuliko mwandishi yeyote wa mitindo.

Sifa ya pili ni kwamba ni kitu “halisi”, hakijachezewa na biashara ya nguo za leo. Hapa Leeds sifa hiyo inashangaza zaidi, kwa sababu safari fupi ya basi inakufikisha Batley na Dewsbury. Mwaka 1813, huko Batley, Benjamin Law alipata njia ya kuchana matambara ya sufu, kuyarudisha kuwa nyuzi, na kuyachanganya na sufu mpya. Matambara yakaanza kumiminika kutoka nchi nyingi. Wanawake waliyachambua kwa mkono, mashine zenye meno zikayararua, na viwanda vikafuma upya vitambaa vya blanketi, makoti na sare za wanajeshi. Kwa lugha yetu, sare nyingi za vita zilikuwa mitumba kabla hata hazijashonwa. Anayelivaa kabuti ili kuikimbia Gikomba ajue kwamba Gikomba imo ndani ya uzi.

Kuna watu waliowahi kulichezea vazi la jeshi kwa akili. Katika miaka ya 1960, duka moja katika Portobello Road, London, lililoitwa I Was Lord Kitchener's Valet, liliwauzia vijana sare kuukuu za kifahari. Jimi Hendrix, aliyekuwa amepita katika jeshi la Marekani mwaka 1961 na 1962, alivaa jaketi la aina hiyo lenye kamba za dhahabu kifuani. Mtu mweusi ndani ya fahari ya himaya: kila aliyemwona alielewa kwamba kuna kejeli hapo. Kabuti halina kejeli hiyo. Halina dhahabu ya kudhihakiwa. Ni vazi la mtu wa chini, na anayelivaa kwa maringo hamdhihaki jenerali. Anachukua nafasi ya kuruta bila zamu yake.

Lugha yetu imelijua jambo hili siku nyingi. Neno askari humtaja mwanajeshi, polisi na mlinzi wa usiku bila kuona haya. Mitaani Nairobi mlinzi ni soja, neno la Kiingereza la mwanajeshi lililoshushwa cheo na mshahara. King's African Rifles iliundwa mwaka 1902, na katika Vita vya Pili askari wake walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Vita viliisha, lakini kabuti halikustaafu. Liliendelea kusimama kwenye malango, juu ya mabega ya watu ambao kazi yao ilikuwa ileile: kungoja gizani kitu ambacho huenda kisije, kwa ajili ya mali isiyo yao.

Wala kabuti lenyewe halikuwa lao. Gogol aliliona hilo katika hadithi yake ya mwaka 1842, ambayo jina lake kwa Kirusi, Shinel, ndilo jina la kabuti la jeshi pia. Karani wake, Akaky Akakievich, anajinyima chakula na mshumaa ili alipie koti, anaporwa, anakufa. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni hadithi ya baridi ya Petersburg. Sasa naona ni hadithi ya mshahara uliogeuka kitambaa. Siku baba alipoacha kazi, mwajiri alidai kabuti lirudi. Mfuko mmoja ulikuwa umechanika, na vifungo viwili havikuwepo. Walimkata pesa katika malipo yake ya mwisho. Alilivaa miaka 17, akalilipia, na hakubaki nalo.

Mimi ninalo. Hiyo ndiyo tofauti kati yetu, na ndiyo tofauti ambayo picha za mitindo haziwezi kuionyesha: kati ya wote waliowahi kuvaa makabuti haya, sisi wanunuzi wa mwisho ndio wa kwanza kuwa na ruhusa ya kuyavua tukitaka. Sijaacha kulivaa. Baridi ya huku haina mjadala, na pauni 90 ni pauni 90. Lakini mtu akinisimamisha na kusema koti hili lina historia, sikubali tena kwa kichwa na kupita. Namwambia ni koti la mlinzi, kama la baba yangu. Wengine huomba radhi, sijui kwa nini. Mwanamke mmoja mzee aliniambia baba yake alilitumia kama blanketi, tukasimama pale mpaka mabasi mawili yakapita.

Siku ile kwenye simu, baba alinitaka nigeuke aone mgongo. Akaniambia nisilikalie pindo likiwa bichi, na nikilianika nisiliweke karibu na moto. Nikamuuliza kama angependa nimletee moja nikija Desemba, zuri, lenye vifungo vyote.

“La nini?” akasema. “Mimi siku hizi usiku ninalala.”