Salio la Idi pili

Dada alituma shilingi laki moja na nusu usiku wa kuamkia Idi, pamoja na ujumbe wa sauti mfupi: "Mpeleke mwanao kote anakotaka. Hela isikutishe. Nitumie picha." Yuko Muscat, mwezi wa nane wakati huo, katika mkataba wa miaka miwili wa kazi za ndani. Mtoto ana miaka tisa. Anaishi na bibi yake na mimi hapa Mafiga, na kwa kuwa mimi ni mdogo wa mama yake, ananiita mamdogo. Nilipomuuliza anataka kwenda wapi, orodha alikuwa nayo tayari: kwenye maji, kwenye mashine, kwenye bembea. Vyote vitatu, siku moja, Idi pili. Maji na mashine viko Dar es Salaam. Bembea huja zenyewe mtaani kila sikukuu.

Nasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na muhula uliopita tulimsoma Jean Baudrillard. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 anasema Disneyland ipo kama mahali pa kujifanya ili watu waamini kwamba nje ya uzio wake Marekani yote ni ya kweli, ilhali nayo ni ya kujifanya vilevile. Hoja hiyo ni tamu sana ukiwa darasani. Nilikwenda Dar na daftari huku nikijua tayari nitaandika nini: minara ya plastiki, theluji ya rangi ya ukutani katika nchi ya jasho, panya wa Marekani aliyechorwa akatoka na sura ya paka. Nilirudi na daftari ambalo nusu yake ni hesabu. Uhakiki huu umetoka kwenye ile nusu ya hesabu.

Hoja yangu ni fupi. Uwanja wa burudani unasimulia hadithi kama kitabu, na namna unavyoulipia inaamua mtoto atakuwa nani ndani ya hadithi hiyo. Disneyland wenyewe ni mfano. Ilifunguliwa California mwaka 1955, na kwa miaka mingi mgeni alinunua kitabu cha tiketi zenye herufi: A kwa vitu vidogo, mpaka E, iliyoongezwa mwaka 1959, kwa vile vikubwa ambavyo kila mtoto alivitaka. Tiketi za E zikiisha, zimeisha. Mwaka 1982 vitabu hivyo viliachwa. Ukawa unalipa mara moja getini, ukiingia unapanda chochote. Bembea zilibaki zilezile. Kilichobadilika ni nani anahesabu, na anahesabu saa ngapi. Darasani tulijadili minara na uzio kwa wiki mbili, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza kashika hela nani.

Majina ya viwanja viwili vya Dar siyataji. Mambo ninayoyasema yanapatikana katika viwanja vingi, na sitaki mmoja wao abebe lawama au sifa za wenzake.

Tulipanda treni ya asubuhi. Tangu safari za SGR zianze Juni 2024, njia iliyokuwa ikila nusu ya siku kwa basi imekuwa ya chini ya saa mbili, na bila hiyo wazo la viwanja vitatu kwa siku lisingemwingia mtoto wa Mafiga kichwani. Nauli yangu ni 13,000, yake nusu. Kwenda na kurudi, 39,000. Niliandika kwenye daftari. Yeye alikuwa dirishani akiiangalia milima ya Uluguru ikirudi nyuma, kisha akageuka akasoma nilichoandika. Kosa la kwanza la siku lilikuwa langu.

Saa nne tulikuwa kwenye maji, kaskazini mwa jiji. Kiingilio kilikuwa 40,000 kwa wawili, tukafungwa utepe wa karatasi mkononi. Kila nilichokitarajia kilikuwepo. Kulikuwa na ngome yenye minara iliyochongoka, ya Ulaya ya hadithi za kusadikika. Kulikuwa na minazi ya plastiki, na nyuma yake, nje ya ukuta, minazi yenyewe ikipepea. Kulikuwa na bwawa la mawimbi ya mashine, wakati bahari iko umbali wa kutembea kwa miguu. Sisi tunatoka mji unaoitwa mji kasoro bahari, na hapa mtu alikuwa ametutengenezea bahari kasoro chumvi. Niliandika sentensi hiyo nikajipongeza.

Halafu nikamtazama mtoto. Alipanda ngazi, akateleza kwenye bomba la bluu, akatumbukia, akatoka akikimbia, akapanda tena. Mara kumi, kumi na tano. Hakuniuliza kitu. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini hilo linanigusa. Tangu mama yake aondoke, mtoto huyu haombi chochote bila kutanguliza bei. Husema, "Mamdogo, kuna daftari la mia tano, lakini hata la zamani bado lina kurasa." Ndani ya ule ukuta, kwa saa tatu, hakutaja shilingi. Baudrillard hakuniandaa kwa hilo. Uongo wa minara ile ulikuwa mdogo mbele ya ukweli wa mtoto aliyepumzika kuhesabu, na mhakiki asiyeuona ukweli huo amehakiki rangi ya ukuta tu.

Lakini utepe nao una siri yake. Tulipotoka saa saba, getini palikuwa na baba mmoja na watoto wanne wenye sare ya kitambaa cha Idi. Alikuwa akisoma ubao wa bei huku midomo ikicheza, nikajua anazidisha kwa tano. Tulipofika barabarani niligeuka nikawaona wanaondoka. Utepe haufuti swali la hela. Unalihamishia getini, mahali ambapo sisi tulio ndani hatulisikii, na ndiyo maana furaha ya ndani ni safi namna ile. Watu waliokwazwa wameachwa nje ya hadithi.

Kwenye mashine mambo yalikuwa kinyume. Ni jengo kubwa la maduka. Ghorofa ya juu ni giza, taa za rangi na kelele. Huchezi kwa hela. Unanunua kadi, unaijaza, na kila mashine unaigusisha kadi, inakata, inakuonyesha salio kwa tarakimu nyekundu. Nilijaza 20,000 nikampa kadi mwenyewe ashike. Niliona nimefanya jambo la maana. Wakati nikisubiri treni nilikuwa nimepanga nadharia nzima kichwani: mtoto anayeshika hela yake ndiye msimulizi wa siku yake, asiyeishika ni mhusika mdogo katika hadithi ya mtu mzima.

18,000. 16,000. 14,000. Alikuwa akiisoma kila tarakimu kwa sauti. Ilipofika 10,000 alisimama mbele ya mashine ya magari, akiwa na kadi kifuani, akaniuliza, "Mamdogo, mama anapata elfu kumi kwa siku ngapi?"

Jibu la mwezi nilikuwa nalo. La siku sikuwa nalo, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuligawa. Nilimwambia acheze tu, mama ametuma ili acheze. Alicheza gari, 3,000, bila kucheka, kama anayemaliza kazi. 7,000. Akasema imetosha.

Basi nadharia yangu ilidumu muda wa michezo sita. Kumpa mtoto hela si lazima kumpe uhuru. Inategemea anajua nini kuhusu ilikotoka. Na kadi ile ni msimulizi mkatili kuliko noti. Ukiwa na noti unajua umetoa, basi. Kadi inakukumbusha kilichobaki kila unapofurahi, na inafanya hivyo wakati huohuo, kwa taa nyekundu. Nilikwenda kwenye kaunta kuomba ile 7,000 irudi. Kijana wa pale alinijibu kwa upole kwamba salio halirudishwi, ila kadi naweza kuitumia siku nyingine. Nilimwambia tunakaa Morogoro. Akasema, "Karibuni tena."

Saa moja usiku tulishuka Morogoro. Nilidhani amechoka, lakini orodha ilikuwa bado na kitu kimoja.

Bembea za sikukuu zinajulikana. Ni vyuma vilivyochomelewa, viti vinavyozunguka kwenye nguzo, na vijana wanaosukuma kwa mikono na kifua mpaka vizunguke vyenyewe. Hakuna ngome, hakuna ukuta, hakuna geti. Kuna taa mbili zilizovutwa kutoka nyumba ya jirani, spika, mama wa kachori, mama wa ubuyu. Mia tano mzunguko. Uwanja wa namna hii umejengwa juu ya desturi moja: mkono wa Idi, ile hela anayopewa mtoto asubuhi ya sikukuu na kila mkubwa anayemsalimia, ambayo ni yake na haulizwi ameifanyia nini. Zanzibar, jioni za Idi, Mnazi Mmoja hujaa watoto wenye nguo mpya waliokunja viganja juu ya hela zao. Dar es Salaam utawaona Mnazi Mmoja ya huko, na Mwembe Yanga kule Temeke. Mtoto ndiye mteja, na kila muuzaji pale anamwinamia yeye.

Nilimpa elfu tano kwa sarafu za mia tano. Nilisema, "Hii si ya mama. Hii ni mkono wa Idi kutoka kwangu." Ilikuwa kweli, ilitoka kwenye boom langu, na nilitaka aisikie tofauti. Alizunguka mara mbili. Kisha nikamwona anaongea na msukumaji, amewashika mikono watoto wawili wa jirani yetu. Aliporudi alinieleza makubaliano: watatu kwa buku. Msukumaji aligoma kidogo, akakubali, kisha akasahau kuhesabu au akajifanya amesahau, wakazunguka mpaka wakaanza kupiga kelele washushwe.

Hilo halikuwezekana kule tulikotoka. Utepe hausikii, kadi haisikii. Bei ya bembea inasikia. Mtoto aliyeshinda akihesabu gharama za mama yake aligundua usiku ule kwamba bei ni neno la mtu, na neno la mtu hujibiwa. Kama ningelazimika kuchagua hadithi moja kati ya zile tatu, ningechagua hii.

Lakini silazimiki, na sitaki kuisifia umaskini wake. Nati za ile nguzo zilikuwa na kutu. Waya wa umeme ulipita chini, kwenye vumbi, katikati ya miguu ya watoto. Na yule msukumaji, nilipomsogelea, hakuwa kijana. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na tatu, labda kumi na nne, shati limelowa. Nilimuuliza yeye atapanda saa ngapi. Alisema, "Nikimaliza." Ilikuwa saa tatu usiku. Uwanja huu haumfukuzi mtu getini kwa sababu asiye na hela anapewa kazi ya kusukuma. Yaani na wenyewe una ukuta, ila umejengwa kwa mgongo wa mtoto.

Ninaishi mahali panapoitwa Mafiga, kwa hiyo methali inanijia bila kuitwa: figa moja haliinjiki chungu. Kule kwenye maji mtoto alipumzika, lakini hakuwa na sauti. Kwenye bembea alikuwa na sauti, lakini hakuwa salama. Kwenye mashine alijua ukweli, na ulimzidi umri. Viwanja vyetu vinabishaniwa kama vinaiga Ulaya au haviigi. Mimi ningeanza na swali jingine: mtoto akiwa pale, ni nani anabeba hesabu, na je, ana mabega ya kuibeba?

Usiku ule nilimtumia dada picha. Zilikuwa arobaini na moja, na thelathini na nane zilikuwa za kwenye maji. Za bembea zilikuwa tatu, zote ukungu. Za mashine hazikuwepo. Alijibu papo hapo, saa za Muscat ziko mbele yetu kwa saa moja na kule walikuwa bado na wageni wa kuhudumia. Aliandika: "Mashallah. Hela ilitosha?"

Nilimwandikia kwamba imetosha, nimempa bibi 22,000 zilizobaki. Mtoto akaomba simu naye atume sauti. Alisema, "Mama, kwenye kadi zimebaki elfu saba. Sijazimaliza. Ukirudi tutakwenda wote uzimalizie wewe."

Kadi ameiweka kwenye kopo lake la penseli. Asubuhi, alipokwenda kuchota maji, niliifungua nikaitazama. Nyuma, kwa maandishi madogo, imeandikwa kwamba salio lisilotumika hufutika baada ya miezi sita. Mkataba wa dada umebakiza kumi na sita. Niliirudisha kwenye kopo, upande wa maandishi ukiwa chini.