Jina na Tabia

Msomaji, katika Adili na Nduguze, kitabu cha marehemu Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952, majina hufichua tabia mapema: Adili ni mwema, Hasidi na Mwivu ni waovu. Kama ustadi wake ungalikuwa huo tu, ungalikuwa haba, maana nani kati yetu alizaliwa na jina la kosa lake? Lakini tazama usiku. Adili awapiga manyani wawili, kisha awabembeleza. Manyani hao ni nduguze waliogeuzwa, naye ameamrishwa na jini kuwapiga. Hapo mkono mwema ndio upigao, na mwovu ndiye aliaye. Nami nisomapo pale humhurumia Hasidi, ingawa najua alishiriki kumtupa nduguye baharini.