Mke si shahidi tu

Hebu tuupitie upya utafiti mmoja maarufu. Mwaka 1983 Bunge la Marekani liliagiza uchunguzi wa afya ya akili ya wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam. Matokeo yakachapishwa 1990, na namba iliyoshika vichwa vya watu ni asilimia 30.9: wanaume waliotumikia jeshi kule ambao, wakati fulani maishani, walipata PTSD, yaani ugonjwa wa kiwewe. Jinamizi, kushtukashtuka, kukwepa chochote kinachokumbusha vita.

Mwaka 2006, katika jarida la Science, Bruce Dohrenwend na wenzake wakairudia hesabu kwa kutumia pia kumbukumbu za jeshi. Wakapata asilimia 18.7. Mjadala ukapamba moto: namba ipi ni sahihi?

Swali halali, sikatai. Lakini utafiti ule ule uliwahoji pia wake na wenzi 376, na hao hawasikiki sana kwenye mjadala. Makala ya Jordan na wenzake ya 1992 ilionyesha kwamba nyumba zenye PTSD zilikuwa na migogoro na ukatili zaidi. Wanawake wenyewe walikuwa na furaha kidogo na wamevunjika moyo zaidi. Kumbe si mashahidi wa ugonjwa wa mume tu. Nao wana ya kwao.

Sasa angalia kasoro. Waliohojiwa ni wanawake waliokuwa bado wanaishi na wanaume hao, zaidi ya miaka kumi baada ya Saigon kuanguka 1975. Aliyefungasha virago mapema hayumo. Huenda walioondoka ndio walioumia zaidi. Huenda ndio waliopona. Data hii haiwezi kutuambia, na ukinukuu matokeo yake kama picha ya "wake wa wanajeshi" wote, unakosea.

Kwa nini ujali? Uganda na Burundi zilianza kupeleka wanajeshi Somalia 2007, Kenya ikaingia 2011. Wengi wamesharudi majumbani. Kama unapanga tasnifu kuhusu familia hizo, mhoji mke peke yake, mbali na mumewe, na umuulize habari zake mwenyewe: usingizi wake, hofu zake, nani anamsaidia. Halafu watafute na walioondoka. Ni kazi ngumu, ndiyo, lakini bila wao utakuwa umewapima waliovumilia tu.