Nani Alimwambia Aguse Geini?

Mlioshuhudia onyesho letu la kupokea picha za setilaiti pale Maseno mliona kila kitu kwenye skrini ile kubwa. Setilaiti iko juu ya vichwa vyetu, vitone vinne vya mawimbi yake vimetulia kila kimoja pembeni pake, SNR imefika desibeli tisa na bado inapanda. Kijana aliyeshika kompyuta akapeleka kishale kwenye kitelezi cha geini, yaani cha kukuza mawimbi, akakisukuma hadi mwisho: 49.6. Mpaka leo sijapata maelezo ya kuniridhisha. Picha ilikuwa inashuka vizuri, mstari kwa mstari, na hapakuwa na mtu aliyemwomba chochote.

Yaliyofanywa sawasawa hayachukui nafasi. Antena ya V, mikono ya sentimita 53 na ushee, nyuzi 120, mdomo kuelekea kaskazini, kebo fupi, programu ya SatDump imewekwa kwenye setilaiti ya Kirusi Meteor-M N2-4, megahezi 137.9. Safi.

Turudi kwenye kitelezi. Kile kijiti cha RTL-SDR, yaani kipokezi chetu, hupima mawimbi kwa biti nane, yaani ngazi 256 basi. Piga hesabu ya desibeli sita kwa kila biti, unabaki na nafasi ya desibeli 48 hivi kati ya mawimbi dhaifu kabisa na yale makali kabisa. Meteor inarusha kutoka kilomita 820 na zaidi. Stesheni za FM za Kisumu, kuanzia megahezi 88 hadi 108, ziko hapo chini ya mteremko na hazina adabu. Wala FM haihitaji kuwa kwenye masafa uliyochagua ndipo ikusumbue: ukiifungulia mlango kwa geini ya juu, inakilemea kijiti chenyewe, na takataka zake zinatapakaa mpaka 137. Ndiyo ile michirizi minene tuliyoiona ikichipuka kulia na kushoto mara tu kitelezi kilipogota. Kiwango cha kelele kikaruka, vitone vinne vikavimba vikawa wingu moja, na programu ikaandika NOSYNC.

Kukuza mawimbi hakuyasafishi. Panda matatu yoyote ya Kisumu kwenda Busia, umwambie kondakta aongeze sauti hadi mwisho, kisha uniambie kama umeyasikia maneno ya wimbo vizuri zaidi. Geini hupandisha setilaiti na kelele kwa pamoja. Kinachohesabika ni tofauti kati yao, na tofauti hiyo ndiyo SNR, namba iliyokuwa imeandikwa mbele ya macho yake.

Kilichoniuma zaidi ni wakati aliouchagua. Setilaiti ilitokea kaskazini ikielekea kusini, na inapokuwa juu yako ndipo inapokupiga picha wewe na jirani zako. Kivuli chake kinakwenda kilomita sita na nusu hivi kwa sekunde. Ziwa Victoria, kutoka kaskazini hadi kusini, ni kama kilomita 320. Maana yake ziwa zima linapita kwa chini ya dakika moja, na dakika yenyewe ndiyo hiyo aliyoichezea. Alipokirudisha kitelezi kwenye 30, vitone vikarudi, lakini dakika mbili zilikuwa zimekwenda. Itazameni ile picha: juu Ziwa Turkana, wazi kabisa, chini Ziwa Rukwa, katikati utepe mweusi. Ghuba ya Winam haipo, Ukerewe haipo, Mwanza haipo. Tumekaa kando ya ziwa, tumeita watu waje waone mawingu ya ziwa lao, tukawaonyesha Rukwa.

Na sisi tuko kwenye ikweta, jambo ambalo watu wetu hulikumbuka wakipiga picha pale kwenye kibao cha barabarani na kulisahau wakishika redio. Setilaiti za ncha kwa ncha humtembelea mtu wa Svalbard, karibu na Ncha ya Kaskazini, katika kila mzunguko. Hapa kwetu, kila mzunguko wa dakika mia moja na moja unasogea kama kilomita 2,800 kuelekea magharibi. Mapito ya utosini kama yale huyapati kila siku, ni ya kutunzwa.

Wazee wa enzi za setilaiti za NOAA wasingefanya hivi. Wao walichomeka waya kwenye tundu la spika za masikioni la skana, ncha ya pili kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, wakaweka kiwango cha sauti kabla setilaiti haijachomoza, kisha wakakunja mikono. Tena APT, mfumo wa picha wa setilaiti hizo, ilikuwa analogi, yenye kusamehe: ukikosea kiwango, picha inapauka lakini ukingo wa ziwa unauona. Dijitali haina huruma hiyo. Inakupa yote au inakunyima yote. NOAA-15, iliyorushwa 1998, ilizimwa Agosti 2025, na nadhani nidhamu ile imezimwa nayo. Wala si mara ya kwanza kupoteza ujuzi: mwaka huohuo wa 1998 ilipaa AfriStar, setilaiti ya redio ya kampuni ya WorldSpace. Watu wa RANET, mradi wa kusambaza taarifa za hali ya hewa, wakaunga vipokezi vyake na kompyuta kwa adapta ndogo, utabiri wa hewa ukashuka mahali ambapo intaneti haikuwa hata ndoto. Kampuni ilipofilisika 2008, hakuna aliyeona haja ya kuhifadhi ujuzi ule. Hilo nimelisema sana, na nitalisema tena.

Halafu kuna suala la kurekodi, ugomvi wangu wa siku zote. Sampuli milioni 1.024 kwa sekunde, baiti mbili kila moja, dakika kumi na mbili: gigabaiti moja na nusu. Hawakurekodi; diski, walisema, ilikuwa imejaa. Nakubali kwamba rekodi isingeturudishia ziwa, maana mawimbi yaliharibikia ndani ya kijiti kabla hayajafika kwenye diski. Lakini ingemaliza ubishi. Sasa tunaambiwa kebo ililegea. Tunaambiwa bodaboda ilipita. Mmoja ameniambia, bila kutabasamu, kwamba Warusi walizima mtambo kwa muda. Walizima kitelezi kilipopanda, wakawasha kiliposhuka?

Dawa inajulikana. Filta ya kuzuia FM inawekwa kati ya antena na kijiti. Geini inapandishwa mapema, anga ikiwa tupu, hadi kelele zianze tu kuinuka. Hapo unasimama na kuondoa mkono kwenye kipanya. Badala yake nasikia wameagiza ampilifaya ya desibeli 20 kwa ajili ya onyesho lijalo. Filta hawakuagiza.