"Bibi Bwana" na "Sultani": Maneno Mawili katika Kitabu cha May French-Sheldon

Vitabu vya wanawake wa Kizungu waliosafiri zamani katika Afrika ya Mashariki huhakikiwa zaidi kwa upande wa historia. Uhakiki wa lugha umeachwa nyuma, nao ndio hasa kazi yetu. Tukitazame Sultan to Sultan cha Mmarekani May French-Sheldon, kilichotolewa mwaka 1892 baada ya safari yake ya 1891 kutoka Mombasa, kupitia Taveta na Ziwa Chala, hadi Uchagani.

Ukurasa wa anwani unamwita mwandishi "Bebe Bwana". Hilo ni "Bibi Bwana" la wapagazi, lililoandikwa kama sikio la Kiingereza lilivyolisikia. Yeye alilivaa kama taji. Mimi naliona vingine. Wapagazi wale, walioandikwa Unguja, walizoea kwamba mwenye msafara ni bwana. Safari hii mwenye msafara alikuwa bibi. Wakayaunganisha maneno mawili, wakapata jina la mtu atoaye amri na posho. Heshima imo, na pengine kicheko kidogo kimo pia.

Neno la pili lina madhara zaidi. Watawala aliowatembelea anawaita masultani. Lakini Wachaga walikuwa na Mangi, Wataveta waliongozwa na baraza la wazee, na Wamasai hawakuwa na mfalme. "Sultani" lilikuwa neno la misafara ya pwani. Basi bibi huyu, aliyedhani amekutana na bara uso kwa uso, alikutana nalo kwa kinywa cha Mswahili. Sisi tulio Eldoret twalijua kosa la namna hii: Waingereza walimwita Orkoiyot wa Wanandi "Laibon", jina la Kimasai, na vitabu vikaendelea kulinakili.

Wala hatuwezi kumtetea kwa kusema hakujua mambo ya lugha. Kabla ya safari alikuwa amekwisha kufasiri Salammbô ya Flaubert kwa Kiingereza. Ajabu ni kwamba mfasiri huyu hakuutilia maanani ufasiri uliokuwa ukifanyika mbele yake kila siku. Aliwaendea watawala akiwa amevaa gauni la karamu na nywele bandia za rangi ya dhahabu, akitaka waone malkia. Gauni halijisemei. Mkalimani alilieleza kwa maneno gani, na kwa Kichaga cha wapi, maana lahaja zake ni nyingi? Ukurasa huo ndio ningependa kuusoma.